Prosesa ya viini vinne, kerneli inayohesabu viwili: kisa cha karakana ya video Chake Chake

Karakana hii iko Chake Chake, Pemba, na riziki yake kubwa ni harusi. Inapiga harusi mpya, lakini wateja wengi zaidi siku hizi wanaleta harusi za zamani: kanda za MiniDV zilizokaa kabatini miaka na miaka, wenyewe wanataka ziingizwe kwenye flashi au diski ya nje kabla hazijaliwa na ukungu. Kanda ya saa moja inachukua saa moja kuingia kwenye kompyuta, na hakuna njia ya mkato, kwa sababu kamera inaicheza kwa mwendo wake wa kawaida huku picha zikipita kwenye waya wa FireWire. Kinachopatikana ni karibu GB 13 kwa kila saa. Baada ya hapo ndipo inapoanza kazi nzito ya kuibana video iwe ndogo, na hapo ndipo prosesa inapotoka jasho.

Kompyuta ya kubania ilikuwa na Intel Core 2 Duo E6600, prosesa yenye viini viwili (sehemu zinazokokotoa sambamba), GHz 2.4. Ni chipu ya mwaka 2006, ila ilikuwa inaifanya kazi. Tatizo ni msimu. Harusi zilizosubiri Ramadhani ipite huja kwa mkupuo Mfunguo Mosi, na foleni ya kanda inakuwa ndefu kuliko usiku. Mwenye karakana akaagiza Unguja chipu ya mtumba ya Core 2 Quad Q6600. Kwa mtu mwenye mfuko mdogo ulikuwa uamuzi wa akili: Q6600, iliyotoka Januari 2007, inakaa kwenye soketi ile ile ya LGA775, kwa hiyo bodi na RAM vinabaki vile vile. Kijana wake akaichomeka, akapaka grisi mpya ya joto, akawasha. BIOS, programu ya bodi inayoiamsha mashine, ikaandika Q6600. Debian, mfumo wa Linux wa mashine ile, ikawaka kama kawaida. Video ya kwanza ikabanwa, na muda wake ukawa ule ule wa chipu ya zamani.

Nilipofika, chipu mpya ilikuwa bado mashineni lakini boksi lake lilishawekwa tayari mlangoni.

"Mwanangu," mwenye karakana akaniambia baada ya salamu, "nimelipa pesa ya vinne, napata kazi ya viwili. Nakirejesha kwa mwenyewe kwa boti ya kesho."

"Baba, muuzaji tumwache kwanza," nikamjibu. "Chipu imejitaja jina lake sawa. Tuiulize mashine inaona nini."

Sikuwa namtetea muuzaji. Lililonipa mwelekeo ni huko kutobadilika kwa muda. Q6600, kimaumbile, ni vipande viwili vya silikoni vya aina ile ile ya E6600 vilivyofungwa ndani ya kasha moja: kila kipande kina viini viwili na kashe yake (kumbukumbu ya haraka ndani ya chipu) ya MB 4, GHz 2.4 zile zile, basi la mbele (njia ya data kati ya prosesa na bodi) la MHz 1066 lile lile. Kama kosa lingekuwa joto linaloipunguza mwendo, au RAM mbovu, au BIOS iliyochanganyikiwa, muda wa kubana ungetoka namba yoyote ya ajabu. Ukitoka sawasawa na wa E6600, maana yake ni kwamba mfumo unatumia nusu ya Q6600, na nusu ya Q6600 ndiyo E6600.

Viini viwili vilikwama wapi

Amri ya kwanza ilikuwa `nproc`, inayohesabu viini, nayo ikajibu 2. Nikafungua `/proc/cpuinfo`. Jina la modeli lilikuwa limeandikwa wazi, Core(TM)2 Quad CPU Q6600, lakini orodha ilikuwa na prosesa namba 0 na namba 1 tu, ikaishia hapo. Yaani mfumo unajua chipu inaitwa Quad na bado unahesabu viwili.

Mambo yanayoweza kuficha viini kwenye Linux si mengi. BIOS inaweza kuvizima. Anayewasha anaweza kuwa ameandika `maxcpus=2` au `nosmp` kwenye mstari wa kuwashia, au `acpi=off`, ambayo huinyima kerneli (moyo wa mfumo, programu inayogawia kazi sehemu zote za mashine) jedwali la ACPI inamosoma orodha ya viini. Viini vinaweza kuwa vimezimwa baada ya mfumo kuwaka. Au kerneli yenyewe ilijengwa ikiwa na mpaka. BIOS tulishaiona, iko sawa. `/proc/cmdline` ilikuwa na njia ya diski na neno `quiet`, basi. Nikasoma faili moja ambalo mafundi wengi hulisahau:

`cat /sys/devices/system/cpu/kernel_max`

Jibu lilikuwa 1. Faili hili linataja namba ya juu kabisa ya prosesa ambayo kerneli imejengwa kuikubali, na hesabu inaanzia sifuri. Kwa hiyo 1 maana yake ni mbili, hata ukiichomekea chipu ya viini kumi na sita. Kumbukumbu ya kuwaka nayo ilikuwa imeshasema yote, tangu dakika ile chipu ilipobadilishwa, ila kwa sababu ya lile neno `quiet` hakuna aliyeiona ikipita:

`smpboot: 4 Processors exceeds NR_CPUS limit of 2`
`smpboot: Allowing 2 CPUs, 0 hotplug CPUs`

Prosesa nne zimezidi mpaka wa mbili, ninaruhusu mbili. Hakuna kosa lililoripotiwa, hakuna kilichokataa kuwaka. Kerneli ilitii ilichoambiwa siku ilipojengwa.

Nikamwonesha kijana faili la `/boot/config` la kerneli ile, tukachuja mistari yenye NR_CPUS, yaani idadi ya prosesa zinazoruhusiwa:

`CONFIG_NR_CPUS_RANGE_BEGIN=2`
`CONFIG_NR_CPUS_RANGE_END=512`
`CONFIG_NR_CPUS_DEFAULT=64`
`CONFIG_NR_CPUS=2`

Mistari minne hii inatosha kueleza kisa kizima. Inaruhusiwa kuanzia 2 mpaka 512. Ukiacha bila kugusa, unapata 64. Mtu aliingia, akaifuta 64, akaandika 2.

Kabla ya kujenga chochote nilitaka ushahidi ambao mwenye karakana mwenyewe angeuona kwa macho. Tukawasha mashine kwa flashi yenye Debian ya kawaida, na kerneli yake ya kawaida. `nproc` ikasema 4. Boksi likaondolewa mlangoni.

Jibu la zamani lililokuwa haliulizwi tena

Aliyeandika 2 alikuwa fundi wa mwanzo wa karakana, na sioni kwamba alifanya jambo la ovyo. Mashine yake ilikuwa na viini viwili. Maelezo ya chaguo lile ndani ya `menuconfig`, menyu ya kupangia ujenzi wa kerneli, yanasema kwamba thamani ndogo kabisa yenye maana ni 2, na kwamba kila prosesa inayoruhusiwa inaongeza karibu KB 8 kwenye kerneli. Kwa mtu aliyekuwa anatafuta kerneli nyembamba inayowaka haraka baada ya umeme kukatika, kuandika 2 kulikuwa kuyafuata maelezo kwa uaminifu. Hesabu yake ndiyo inayostahili kutazamwa: kutoka 64 kwenda 2 ni prosesa 62, mara KB 8, unapata KB 496. Ameokoa nusu MB kwenye mashine yenye GB 4 za RAM.

Lakini hata hilo lingebaki dogo kama si namna kerneli ilivyokuwa ikipandishwa toleo. Kila mara toleo jipya lilipokuja, lile faili la zamani la `.config`, lenye majibu yote ya ujenzi, lilinakiliwa kwenye msimbo mpya na kuendeshwa `make oldconfig`. Amri hiyo ina tabia moja ambayo ni neema na ni mtego: inakuuliza maswali mapya peke yake. Swali ulilokwisha kulijibu zamani halirudi. Kerneli ilifika 5.10, ile iliyotoka Desemba 2020, ikiwa imeulizwa mamia ya maswali mapya kuhusu vifaa ambavyo karakana haina, na haikuulizwa hata mara moja kama viini bado ni viwili. Kutumia `.config` ya mashine ya jana kwa mashine ya leo ni kumshonea mtu kanzu kwa vipimo vya kaka yake: huenda ikamwenea, lakini hakuna aliyempima.

Ndiyo maana nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza kwa kila fundi anayejijengea kerneli hapa Visiwani: unapobadilisha prosesa, bodi au kadi, usiishie `oldconfig`. Fungua `menuconfig`, nenda sehemu ya aina ya prosesa na sifa zake, soma mstari kwa mstari kile ulichosema zamani. Ndani ya msimbo wa kerneli kuna skripti inaitwa `scripts/diffconfig`. Ipe faili lako na faili la Debian la toleo lile lile, itakutolea tofauti zote. Nyingi zitakuwa moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vikihitajika) usizozihitaji, na unazipita. Ukikuta tofauti kwenye NR_CPUS, SMP (kutumia viini vingi), au HZ (mwendo wa saa ya kerneli), simama.

Tulichokichagua

Swali la haki ni kwa nini tusingebaki na kerneli ya Debian, iliyoona viini vinne bila mtu kugusa kitu. Kwa karakana nyingi ningesema bakini nayo, na ningefunga mjadala. Hapa palikuwa na sababu mbili. Kerneli ya fundi wa mwanzo ilikuwa na madereva ya diski na ext4 ndani yake, haikuhitaji initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuwashia), na mashine ilikuwa inarudi kazini upesi sana baada ya umeme kurudi. Pili, kijana alitaka kujifunza, na mwenye karakana alimruhusu. Kijana anayejua kuijenga kerneli ya mashine yake mwenyewe ni mali kwa mji mzima.

CONFIG_SMP ilikuwa imewashwa tayari, na lazima iwe hivyo. Ingezimwa, kerneli ingewaka vizuri kwenye chipu ya viini vinne na kutumia kimoja, kwa ukimya ule ule tuliouona.

Kwa NR_CPUS kijana alitaka kuandika 4. Nikamwambia turudishe 64. Sababu si kwamba bodi ile itakuja kupata viini zaidi, maana haitapata. Ni kwamba diski inaweza kuhamia mashine nyingine kesho, na kwamba mpaka 64 hakuna gharama ya mwendo inayoonekana. Kerneli inaweka orodha ya prosesa kama biti, biti moja kwa kila prosesa, na kwenye mfumo wa biti 64 orodha yote ya prosesa 64 inaingia kwenye neno moja la kumbukumbu. Ukishapita hapo ndipo orodha inapoanza kuwa ya maneno mengi. Basi 64 ni mahali pazuri pa kukaa kwa mashine ya mezani, na ile nusu MB tukailipa.

CONFIG_SCHED_MC ndiyo niliyotaka kijana aielewe kwa undani, kwa sababu Q6600 ni mfano mzuri wa kuifundishia. Viini vyake vinne havilingani kwa ujirani. Tulisoma faili hili baada ya kerneli mpya kuwaka:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cache/index2/shared_cpu_list`

Likajibu `0-1`. Kwa cpu2 likajibu `2-3`. Yaani kiini 0 na 1 wanakula sahani moja ya kashe ya MB 4, na 2 na 3 wanakula yao. Data ikitoka kiini 0 kwenda kiini 1 inabaki ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Ikitoka 0 kwenda 2 lazima itoke nje, ipite kwenye basi la mbele ambalo pia ndilo njia ya kwenda RAM. SCHED_MC inampa mgawa kazi wa kerneli picha hiyo, ili anapohamisha kazi ajue jirani ni nani na mgeni ni nani. Gharama yake ni ndogo, na kwa chipu yenye umbo hili sioni sababu ya kuizima.

NUMA, mpango wa mashine ambazo RAM iko karibu na baadhi ya viini na mbali na vingine, tuliizima. Kwenye kizazi hiki cha Core 2 kidhibiti kumbukumbu kiko kwenye bodi, nje ya prosesa, na viini vyote vinaiona RAM kwa umbali mmoja. Aina ya prosesa ikabaki MCORE2, inayofaa chipu zote mbili. HOTPLUG_CPU tukaiwasha, na faida yake itaonekana hapo chini. Nikaongeza IKCONFIG na IKCONFIG_PROC, ili kerneli ibebe `.config` yake ndani yake na mtu yeyote aweze kuisoma kwenye `/proc/config.gz` hata faili la `/boot` likipotea.

Kijana alikuwa amesikia kuhusu `make localmodconfig`, inayotazama moduli zilizopakiwa wakati huo na kuzima zote nyingine. Ni amri nzuri, inaokoa saa nyingi za kukompaili. Lakini inaona kilichochomekwa wakati ule tu. Karakana ya video inapokea diski za kila mtu: mmoja ana exFAT, mwingine NTFS, mwingine flashi ya FAT yenye majina ya mafaili yanayohitaji jedwali lake la herufi. Kabla ya kuiendesha tukachomeka kila kitu, tukafungua diski za aina zote, tukawasha kamera kwenye FireWire, tukachapisha karatasi moja kwenye printa. Kisha ndiyo ikaendeshwa.

Kukompaili kwenyewe kulikuwa na uzito wake: kerneli itakayofungua viini vinne ilibidi ijengwe kwa viini viwili, `make -j2`, kwa kuwa hiyo ndiyo kerneli iliyokuwa kwenye diski. Umeme ukakatika katikati, na UPS ilikuwa imechoka. Uliporudi, `make` iliendelea ilipoachia, ndivyo ilivyoundwa, inalinganisha muda wa mafaili. Ikafika mahali ikagoma kwa kosa lisiloeleweka kwenye dereva ambalo hatukuligusa. Dawa yake ni kutafuta mafaili ya `.o` yenye ukubwa wa sifuri, yaliyofunguliwa umeme ulipokwenda na hayakuandikwa, kuyafuta na kuendelea. Usianze upya msimbo wote kwa sababu ya faili moja tupu.

Tuliipa kerneli mpya jina lake kupitia LOCALVERSION, ile ya zamani ikabaki kwenye GRUB, menyu ya kuwashia. Sijawahi kukubali kuondoka kwenye karakana ambayo kerneli ya zamani imefutwa siku ile ile mpya ilipowekwa.

Kuthibitisha kwamba ni viini

`nproc` ikasema 4, `kernel_max` ikasema 63. Video iliyokuwa kipimo chetu ikabanwa kwa muda uliokaribia nusu ya ule wa mwanzo, haukufika nusu kamili. Hilo halikunishangaza: kuna sehemu za kazi hazigawanyiki, na viini vinne vinagombea basi moja la mbele.

Mwenye karakana aliridhika hapo. Mimi bado nilikuwa na swali, kwa sababu tulibadilisha mambo kadhaa kwa pamoja. Huenda tofauti imetokana na kitu kingine kwenye kerneli mpya. Hapa ndipo HOTPLUG_CPU ilipolipa. Bila kuzima mashine, tukazima viini viwili:

`echo 0 > /sys/devices/system/cpu/cpu2/online`
`echo 0 > /sys/devices/system/cpu/cpu3/online`

Tukabana video ile ile. Muda ukarudi ule wa E6600. Tukaviwasha kwa kuandika 1, muda ukashuka tena. Kwa kipimo hicho tuliweza kusema bila kusitasita kwamba faida imetoka kwenye viini. Ningependa kila anayedai kwamba kerneli yake "imekuwa nyepesi" baada ya kuijenga upya afanye jaribio la namna hii kabla ya kuwaambia wengine wamfuate.

Fremu zilizodondoka

Kulikuwa na lalamiko la pili, na kila mtu karakanani aliamini ni ugonjwa ule ule. Kanda zinapoingizwa, mara nyingine fremu (picha moja moja za video) zinadondoka: bibi harusi anainua mkono, kisha mkono uko chini, katikati hakuna kitu. Walitegemea viini vinne viponye. Vilipunguza, havikuponya.

Kijana alikuwa na dawa mkononi. Kerneli ya zamani ilijengwa kwa PREEMPT_NONE (kerneli haikatizwi katikati ya kazi yake) na HZ ya 100, mipango ya seva. Alisoma kwamba kazi za sauti na video zinataka PREEMPT kamili na HZ ya 1000. Nikamwomba tufanye hesabu kwanza. Kanda zetu ni PAL, fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu ina milisekunde 40. HZ ya 100 maana yake saa ya kerneli inagonga kila milisekunde 10. Fremu moja ya DV ya PAL ni baiti 144,000, ambayo ni MB 3.6 kwa sekunde, mzigo mdogo kwa prosesa na mdogo kwa diski. Tena programu ya kuingiza kanda inaweka akiba ya fremu kwenye RAM kabla ya kuandika. Kitu kinachoweza kuimaliza akiba hiyo ni kusimamishwa kwa sekunde nzima na zaidi. Pigo la saa la kila milisekunde 10 haliwezi kufanya hivyo.

Basi tukaacha kuitazama kerneli, tukatazama saa za siku. Fremu zilidondoka lini? Jibu alikuwa nalo kijana mwenyewe bila kujua: "Mara nyingi wakija wateja kuchukua kazi zao." Mteja akija, anakopiwa video kwenye flashi yake. Nikafungua `/proc/meminfo` wakati wa kukopi, nikaangalia mstari wa Dirty. Ulikuwa unapanda kwa mamia ya MB.

Linux haiandiki moja kwa moja. Inapokea data kwenye RAM, inaiweka alama kwamba haijaandikwa, kisha inaiandika polepole. Kwa kawaida inaruhusu mpaka asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana ijae data ya namna hiyo, na kikifika kiwango hicho programu zinazoandika zinasimamishwa mpaka data hiyo ipungue. Flashi ya bei nafuu inaandika kwa MB chache tu kwa sekunde. Ikijaza mpaka huo, programu ya kuingiza kanda nayo inajikuta kwenye foleni, ingawa diski yake iko huru. Inasubiri. Kanda haisubiri.

Marekebisho yalikuwa mistari miwili kwenye `/etc/sysctl.conf`, bila kukompaili chochote:

`vm.dirty_background_bytes = 33554432`
`vm.dirty_bytes = 67108864`

MB 32 na MB 64. Flashi ikijaa inajaa mapema, na foleni inabaki fupi. Kisha kanda zikapewa diski yao peke yake. Na pale ambapo lazima kubana na kuingiza kwende pamoja, programu ya kubana inaendeshwa kwa `taskset -c 0-2`, na ya kuingiza kanda inapewa kiini 3. Makatizo (ishara za kuiita prosesa) ya kadi ya FireWire nayo tuliyaelekeza huko huko kupitia `/proc/irq`, kwa kuwa `/proc/interrupts` ilionesha yote yanaangukia kiini 0. Hili la mwisho sidai kwamba ndilo lililoponya. Fremu ziliacha kudondoka baada ya ile mistari miwili, kabla hatujayagusa makatizo, na ziliacha hata tulipowasha kerneli ya zamani yenye HZ 100 tukaipa mistari hiyo hiyo.

Mwishowe tulijenga kwa PREEMPT_VOLUNTARY na HZ ya 250, ila kwa sababu nyingine: mtu anakaa mbele ya mashine ile kuhariri, na kipanya kinapaswa kumtii wakati video inabanwa nyuma. PREEMPT kamili tuliiacha. Hatukuwa na dalili yoyote iliyoiomba.

Kinachofuatiliwa sasa ni joto. E6600 imepimwa kwa wati 65, Q6600 ya toleo la kwanza kwa wati 105, na feni iliyopo ni ile ile ya zamani. Kwa muda wote ambao viini viwili vilikuwa vimelala hakuna aliyejua kama inatosha. Tumeongeza SENSORS_CORETEMP ili kijana asome nyuzi joto za kila kiini, na nimemwelekeza atafute kwenye `dmesg` maneno `cpu clock is throttled` kila asubuhi baada ya usiku wa kubana. Akiyakuta, feni kubwa zaidi inaagizwa Unguja. Mpaka ifike, viini 2 na 3 anaweza kuvizima kwa ile amri ya `echo 0`, na kazi ikaendelea kwa mwendo wa zamani.